Kinywa cha Mtoto Kisikimbiliwe na Wembe

Katika miaka yangu ya uuguzi kwenye kliniki za mama na mtoto, mwanzo vijijini Dodoma na mwisho hapa Tanga nilikozaliwa, sijaona kiungo cha mtoto kinachoonewa kama kinywa. Nywele za mtoto zikinyonyoka kisogoni, nyumba nzima inacheka. Akitoka vipele vya joto shingoni, atapakwa poda na mambo yataisha. Lakini mama akifunua midomo ya mwanawe akaona kitu cheupe, chekundu au cheusi ambacho jana hakukiona, siku hiyo hakuna anayekula akashiba. Ataitwa bibi, ataitwa mke wa jirani, na kabla ya magharibi atakuwa ameshatajwa fundi wa mtaa wa pili, mwenye mkono mwepesi na asiyetoza nyingi.

Huyo fundi ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Mambo mengi ya ajabu yanayoonekana kinywani mwa mtoto mdogo hayana ubaya wowote. Huja, hukaa, huondoka, na mwenyewe hajui kama alikuwa nayo. Madhara niliyoyaona mimi, tena yale ya kumtoa mtu mzima machozi, mengi yaliletwa na mkono wa mkubwa mwenye haraka.

Tuanze na siku za kwanza. Mtoto akiachama kulia, shangazi mwenye macho makali ataona vipunje vyeupe katikati ya kaakaa, au vimejipanga juu ya ufizi. Ukivigusa ni vigumu kidogo, na asiyevijua ataapa kuwa ni meno. Alois Epstein, daktari wa watoto wa mjini Prague, alivieleza mwaka 1880 na mpaka leo vile vya kwenye kaakaa vinaitwa kwa jina lake. Vile vya kwenye ufizi vina jina la Mjerumani Heinrich Bohn, aliyeandika kitabu kizima cha magonjwa ya vinywa vya watoto mwaka 1866. Zaidi ya nusu ya watoto wachanga wanavyo. Ndani yake hamna jino wala usaha, ni mabaki ya ngozi yaliyonaswa wakati kinywa kinaumbika tumboni, na baada ya wiki chache hupasuka vyenyewe vikapotea. Nimewahi kuletewa mtoto ambaye hajatimiza hata wiki, bibi yake ameshavikwangua kwa ukucha na kusugulia chumvi. Kinywa kilikuwa kimevimba hata chuchu haiingii. Bibi yule alikuwa na mapenzi tele kwa mjukuu wake, hilo sina shaka nalo.

Lengelenge katikati ya mdomo wa juu nalo huwatia watu hofu. Linatokana na kunyonya kwa nguvu, na mwenye nalo ni mtoto anayeshiba. Liache.

Ulimi mweupe una maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapo kuna cha kuacha na cha kutibu. Mtoto anayeishi kwa maziwa peke yake atakuwa na weupe juu ya ulimi, na ukipitisha kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu unatoka, au unapungua. Hayo ni maziwa. Weupe wa fangasi haukubali kufutika kirahisi. Unakuta umeshika hata ndani ya mashavu na kwenye ufizi, na ukiulazimisha unaacha pekundu, pengine na damu. Huo una dawa, na dawa yake ni ya bei nafuu: matone ya nistatini, au ile dawa ya zambarau ya kupaka ambayo kina mama wote wanaijua kwa jina la GV. Mama naye atazamwe chuchu, maana huambukizana wenyewe kwa wenyewe, huyu akapona yule akamrudishia. Asali isipakwe kinywani mwa mtoto ambaye hajafika mwaka, hata kama ni asali safi ya nyuki wadogo. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mkubwa huvimudu, ila mtoto mchanga vinaweza kumlegeza mwili mzima hata ashindwe kupumua.

Sasa nifike kwa kigego. Nililelewa na bibi, upande wa Pangani, na neno hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Lilikuwa tusi la kumtolea mtu mbaya, lakini mwanzo wake ni mtoto aliyezaliwa na meno, au aliyeanza kuota ya juu kabla ya ya chini. Wazee wa pwani na wa bara waliamini mtoto wa namna hiyo anakuja na kifo cha baba, cha mama au cha ukoo. Wengine waliuawa, wengine waliachwa porini, na waliobahatika walipewa watu wa mbali wakawalee. Leo hatutupi mtoto. Lakini nimeona nyumba ikinong'ona, nimeona baba akisita kumpakata mwanawe, na nimeona mama akimfunika mtoto mdomo kwa kanga kila mgeni akipiga hodi.

Mtoto mmoja katika kila watoto elfu mbili au tatu hivi huzaliwa na jino. Katika wilaya yenye uzazi mwingi, hao ni watoto kadhaa kila mwaka, na wazazi wao ni watu kama mimi na wewe. Jino lenyewe, mara nyingi, ni lile lile la utoto la mbele chini ambalo lingetoka baada ya miezi sita, limewahi tu. Likiwa limeshika vizuri linaachwa. Likiwa linacheza sana, likakaribia kung'oka, ndipo daktari wa meno hulitoa ili mtoto asipaliwe nalo, na huangalia kwanza kama mtoto alipata sindano ya vitamini K, kwa sababu siku za mwanzo damu ya mtoto mchanga haigandi kwa haraka. Fundi mwenye uzi au koleo hana habari ya vitamini K. Na likiwa linakwaruza ulimi chini mpaka pawe kidonda, linaweza kulainishwa makali na mtaalamu mtoto akaendelea kunyonya. Kuanza na meno ya juu hakuna hata maelezo ya kutoa: watoto wengi huanza na ya chini, wachache na ya juu, basi. Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, alizaliwa mwaka 1638 na meno mawili kinywani. Alikaa kwenye kiti cha ufalme miaka 72. Anayetaka kuhesabu mikosi na aanzie hapo.

Jambo lililonikalia rohoni zaidi ni meno ya plastiki. Wengine huita meno ya nailoni. Msomaji wa Dodoma, wa Singida na wa Manyara nadhani ameshajua ninachokwenda kusema, na wenzetu wa Uganda na Kenya wanalo hilo hilo kwa majina yao. Mtoto ana miezi mitano, sita, saba. Anaharisha, anatapika, mwili wa moto, analia usiku. Mtu anamfungua mdomo, anapapasa ufizi upande wa meno ya chonge, anakuta pamevimba na pana weupe. Ugonjwa umeshapatikana. Fundi anachana ufizi kwa wembe, kwa msumari, kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, anachokoa kinachotoka, kisha anasugua dawa ya majani. Ganzi hakuna. Chombo hicho hicho kinamsubiri mtoto wa pili kwenye foleni.

Mama mmoja alinifungulia ncha ya kanga pale kliniki akanionyesha alichopewa na fundi kama ushahidi. Vitu vinne, vyeupe, laini, vidogo. Kwake vilikuwa kama minyoo iliyotolewa kabla haijamla mwanawe. Mimi niliyatambua: yalikuwa meno ya chonge ya mwanawe, yote manne, ambayo yalikuwa bado hayajakomaa. Meno ya utoto huanza kuumbika mtoto akiwa bado tumboni. Yale ya chonge hutoka kwa kawaida kati ya miezi 16 na 23, kwa hiyo mtoto wa miezi saba anayo ndani ya ufizi, makubwa kiasi cha kuinua ufizi juu, lakini bado hayajawa magumu. Ulaini huo ndio uliowapa watu jina la plastiki. Kila mtoto anayo. Ukimpasua mtoto mwenye afya kuliko wote katika kijiji, utayakuta.

Mtoto wa mama yule alikuwa amepauka viganja, macho yameingia ndani. Tulimtundikia maji, akapelekwa hospitali ya wilaya kuongezewa damu, akapona. Wapo ambao hawakupona: kwa damu iliyotoka, kwa vidonda vilivyooza, kwa pepopunda. Na waliopona wengine walikua na pengo pale pa chonge, au jino la ukubwani likatoka limekatika sura, kwa kuwa jino la ukubwani hukaa karibu kabisa na lile la utoto na ncha ya wembe haibagui. Hili si siri. Mwaka 1969 Jens Pindborg, bingwa wa magonjwa ya kinywa kutoka Denmark, aliandika kuhusu watoto wa Uganda waliofanyiwa hivyo, na mwaka 1992 wataalamu wetu wenyewe, Hiza na Kikwilu, walichapisha walichokiona katika kijiji cha mbali hapa Tanzania. Miaka yote hiyo, na bado.

Kwa nini bado? Nimeona waandishi wakimaliza kwa kusema ni ujinga wa wanavijiji, na kila nikisoma hivyo nakasirika. Mama anayemtembeza mtoto maili kadhaa kwenda kwa fundi ametumia akili yake yote na aliyoyaona kwa macho. Tatizo ni kwamba aliyoyaona yanamdanganya. Kuhara kwa mtoto mara nyingi huisha kwenyewe baada ya siku chache. Mama huvumilia siku ya kwanza, ya pili, ya tatu; ya nne anakwenda kwa fundi; ya tano au ya sita kuhara kunakata, kama ambavyo kungekata tu. Fundi anapata shukrani na kuku. Mtoto akifa, inasemwa alicheleweshwa. Kazi ambayo kwa vyovyote mwenyewe hahesabiwi kosa haiwezi kufa kirahisi.

Tena tusijione ni sisi peke yetu. Wazungu walichana fizi za watoto wao karne kwa karne, na daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Ambroise Paré, aliipendekeza kazi hiyo katika karne ya 16. Mwaka 1839 huko Uingereza vifo vya watoto zaidi ya 5,000 viliandikwa kwenye vitabu vya serikali kuwa vimetokana na kuota meno. Leo hakuna daktari anayeandika hivyo. Kuota meno kunaweza kumtoa mtoto udenda, kumkasirisha, kumpandishia joto kidogo. Homa kali na kuhara havitokani na meno.

Vinatokana na nini? Hesabu miezi. Miezi sita ndipo mtoto anapoanza uji, na kikombe, na kijiko, na maji. Ndipo anapokaa, anapotambaa, anapookota kila kilicho chini akatia mdomoni. Ndipo kinga aliyotoka nayo kwa mama yake inapopungua. Na ndipo meno yanapoanza kutoka. Yote yamekutana mwezi mmoja, na lawama imebebwa na jino kwa sababu ndilo linaloonekana. Mtoto huyo anahitaji maji ya chumvichumvi na sukari yale ya paketi, vidonge vya zinki kwa siku 10 mpaka 14, na kunyonya bila kukatizwa. Chanjo ya kuhara kunakotokana na virusi vya rota tunayo Tanzania tangu 2013, na ni bure.

Kuna ndugu wa karibu wa meno ya plastiki, nako ni kukata kimeo. Mtoto anakohoa muda mrefu, anamulikwa kooni, kile kinyama kinachoning'inia kinaonekana kirefu, kinakatwa. Sitakaa sana hapa kwa sababu hoja ni ile ile. Kikohozi kisichoisha kinaweza kuwa pumu, kinaweza kuwa kifua kikuu, kinaweza kuwa nimonia inayojirudia, na kimeo hakihusiki na chochote kati ya hivyo. Tofauti yake ni kwamba kimeo kinakatwa hata mijini, na watu wenye shahada.

Hao wenye shahada ndio walionipigia simu juu ya mjukuu wangu. Mtoto ana miaka mitatu, mzima, mtundu, ulimi wake ukaanza kutoka mabaka mekundu laini kama yamenyolewa, yamezungukwa na ukingo mweupe. Asubuhi baka liko kulia, baada ya siku mbili limehamia ncha. Mmoja akasema minyoo, mwingine upungufu wa vitamini, wa tatu akauliza kwa upole kama hakuna mtu aliyemtazama kwa jicho baya. Madaktari wanauita ulimi wa ramani, kwa sababu unaonekana umechorwa nchi na visiwa. Vile vinyweleo vidogo vya juu ya ulimi hutoweka mahali fulani, vikaota tena, vikatoweka kwingine. Watu kati ya mmoja na watatu katika kila mia wanao, wengine mpaka uzeeni. Hauambukizi, hauna dawa, wala hauhitaji. Ndimu, ukwaju na embe bichi lenye pilipili vinaweza kumwasha. Asipewe siku hizo, au apewe ajifunze. Wangu alijifunza.

Madoa meusi nayo watu huyaogopa bure. Sisi watu weusi tuna rangi mpaka ndani ya mdomo, na mtoto anaweza kuwa na ufizi wa hudhurungi au vidoa vyeusi kwenye ncha ya ulimi tangu utotoni. Uvimbe wa bluu kwenye ufizi mahali jino linapokaribia kutoka ni maji na damu kidogo tu. Jino likipita, unapasuka na kuisha. Na mtoto anayekunywa dawa ya madini chuma ya maji akatoka ulimi mweusi, ni dawa hiyo. Kuhusu zambarau za msimu sina la kusema, kila mama anajua.

Nisieleweke kuwa nasema kila kitu kiachwe. Mtoto mchanga anayeshindwa kunyonya apelekwe siku hiyo hiyo, hata kama kinywani huoni kitu. Fangasi inayorudi kila ikitibiwa, mtoto apimwe, na mama apimwe. Ulimi mwekundu uliovimba vinyweleo, pamoja na homa ya siku kadhaa na macho mekundu, usikae nao nyumbani. Vidoa vyeupe ndani ya mashavu kwa mtoto mwenye homa, mafua na macho mekundu vinaweza kuwa surua inayokuja. Na kuna kidonda kimoja ambacho kwa kweli ni cha kukimbia nacho usiku: mtoto mwenye utapiamlo, au aliyetoka kuugua surua au malaria, ufizi unatoka damu, unanuka, shavu linavimba. Hiyo yaweza kuwa noma. Inakula shavu na mfupa kwa siku chache, na isipotibiwa inaua watoto walio wengi kati ya wanaoipata. Shirika la Afya Duniani liliiingiza mwezi Desemba 2023 kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Ikiwahiwa mapema, dawa za kuua bakteria, usafi wa kinywa na chakula vinatosha.

Basi tufanye nini? Kuwakamata mafundi sioni kama kutatosha. Ukimfunga mmoja, wa jirani ataanza kufanya usiku. Mimi nawageukia wenzangu wenye sare nyeupe. Mama anakuja kliniki mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Anapima uzito, mtoto anachomwa, kadi inaandikwa, anayefuata. Baada ya wiki ya 14 wengi hawaonekani tena mpaka sindano ya surua mwezi wa 9. Na katikati hapo ndipo kuhara kunaanza, ndipo ufizi unavimba, ndipo jirani anapokuja na ushauri wake. Tunamwachia mama aingie miezi hiyo bila neno, halafu tunashangaa amelipata neno kwa mwingine.

Muuguzi mwenzangu, siku ya wiki ya 14 mfungue mtoto mdomo mbele ya mama yake. Mwonyeshe ufizi. Mwambie: hapa patavimba, ndani kuna meno ya mwanao, yatatoka yenyewe, akiharisha mpe maji ya paketi umlete, na mtu asimchane. Ni nusu dakika, foleni haitaongezeka. Na mama akija na bibi wa mtoto, maneno hayo mwambie bibi, maana uamuzi wa kwenda kwa fundi ni wake.